Kuku wa kienyeji na mabibo, wa kupalia makaa juu: pishi la msimu wa korosho

Jamani mwezi wa kumi ukiingia huku kwetu kusini hewa yenyewe inabadilika harufu. Ukitoka Mtwara mjini unaitafuta Nanyamba au Tandahimba, ukishapita Naliendele tu fungua kioo cha gari uone, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yananukia barabara nzima, tamu na kali kwa wakati mmoja, mengine yako juu mtini mengine yameshaanza kuchacha chini. Watu wameinama wanaokota, korosho inakonyolewa inaingia kwenye gunia, bibo linatupwa palepale. Hapo ndo panaponiuma mie. Tunda lina vitamini C kulipita chungwa mara kadhaa, limekuja lenyewe bila mbolea ya ziada wala kulipalilia peke yake, halafu linaozea chini ya mti au linaishia kwenye uraka, ile pombe ya mabibo, na jioni yule yule mwenye shamba anamtuma mtoto dukani akanunue nyanya ya kopo ya kupikia kuku.

Bibo ni chakula. Sio la kunyonya njiani tu na kutema makapi, linaingia jikoni kabisa likakaa kwenye chungu na kuku, na ukilipatia hakuna mtu mezani atauliza mboga nyingine iko wapi. Bibi yangu kule Newala alikuwa anakamulia maji yake kwenye mchuzi wa kuku siku za mavuno, watu wanarudi shamba wamechoka na ile baridi ya jioni ya juu kule, wanakuta chungu kimepaliwa makaa juu. Mie nimeongezea nyama yenyewe ya bibo, muhogo na korosho, ikawa pishi la chungu kimoja linaloshibisha watu 6 bila kupika kitu kingine pembeni. Nimelipika miaka sasa, makosa yake nimeshayapitia, ndo maana nataka niliandike vizuri.

Vitu unavyohitaji: kuku wa kienyeji 1 wa kama kilo 1.5, mabibo 12 yaliyoiva, mengine 6 au 7 ya kukamua juisi, korosho zilizobanguliwa robo kilo, muhogo kilo 1, nazi 2, vitunguu maji 3 vikubwa, nyanya 2 tu (sio zaidi, bibo lenyewe lina uchachu wake), kitunguu saumu kichwa kimoja, tangawizi kipande cha kidole, mdalasini kijiti 1, karafuu 4, binzari ya manjano kijiko cha chai, pilipili manga, pilipili mbuzi 1 nzima, ndimu 1, mafuta kidogo na chumvi. Kama una jani la mgomba tafuta, utaona kazi yake mbele.

Tuanze na kuku. Kuku wa kienyeji sio wote sawa na hili ndo linaharibu mapishi ya watu wengi, mtu anakwambia nimempika saa nzima bado kama mpira, kumbe kachinja jogoo wa miaka mitatu. Kabla hujanunua mwangalie jogoo kipi chake, kile cha nyuma ya mguu, kikiwa kirefu kigumu kimepinda huyo ni mzee. Halafu mshike kidari kwa chini kule ncha ya mfupa inapoishia, ikibonyea bonyea kama sikio huyo bado mdogo, ikiwa ngumu kama jiwe ujue umri umeenda. Kwa pishi hili mie napenda kitetea ambaye ndo anakaribia kutaga au pora aliyeanza kuwika juzi juzi, nyama yao ina ladha na haichoshi kuni. Ila kama ulicho nacho ni jogoo mzee usimuache, utamchemsha zaidi tu, na usiku wa kuamkia siku ya kupika mpake papai bichi lililosagwa vijiko viwili na chumvi, utomvu wa papai bichi unalainisha nyama kweli. Usizidishe wala usimuache siku mbili, nyama itakuwa ya kumung'unyika kama uji.

Ukishamnyonyoa mbabue vizuri kwenye moto zile nywele ndogo ziishe, muoshe, mkate kwa viungo vipande 8 mpaka 10. Usimpasue pasue mifupa kwa panga, vipande vya mifupa vitaingia kwenye rojo na hili ni rojo la kulamba vidole. Shingo, miguu na firigisi weka humohumo, ndo zinatoa supu nzito. Mkamulie ndimu nusu, chumvi, nusu ya saumu na tangawizi vilivyotwangwa, maji ya kumfunika tu, mbandike. Kitetea dakika 45 zinamtosha, jogoo mzee saa moja na nusu au zaidi. Unamtaka awe ameiva lakini hajaachia mfupa, maana bado ana safari ndefu ndani ya chungu. Ile supu isimwagwe hata tone.

Wakati kuku yuko jikoni ndo unashughulika na mabibo, na hapa naomba unisome taratibu kwasababu pishi lote limesimama hapa.

Bibo lina ukakasi. Ukilila bichi ulimi unakuwa kama umelamba ukuta na koo linakereketa, na ule ukakasi hauondoki kwa kupikwa peke yake, utakwenda nao mpaka kwenye sahani, utaharibu kuku wako na wageni wako watakunywa maji jug nzima. Kwahiyo unautoa kwanza. Chagua mabibo ya siku hiyohiyo, bibo likishaanguka halivuki siku moja kabla halijaanza kuchacha, kwahiyo nenda asubuhi mapema, chukua yale ambayo hayajapondeka, na bora zaidi ni lile lililo mtini ambalo ukilizungusha kidogo tu linaachia lenyewe. Mekundu au ya njano yote sawa, mie nachanganya kwa ajili ya rangi. Yaoshe, kata ncha zote mbili, ile iliyoshika korosho na ile ya kikonyo, tupa. Halafu lilaze ulikate kwa upana vipande vya duara vya unene wa kidole, usilikate kwa urefu, nyuzi zake zinakwenda kwa urefu kwahiyo ukikata kwa upana unazifupisha na mtu hatafuni kamba.

Tumia kisu kisichoshika kutu. Kile kisu cha chuma cheusi cha kukwatulia samaki kitalifanya bibo liwe jeusi dakika hiyohiyo. Na vaa nguo ya jikoni kabisa, kanga kuukuu, doa la maji ya bibo likishakauka kwenye nguo nyeupe hilo ni la maisha.

Sasa chukua lita 1 ya maji, chumvi kijiko 1 cha chakula, chemsha, tumbukiza vipande vya mabibo, vikichemka hesabu dakika 5 epua mwaga yale maji yote. Onja kipande. Kama bado kinakaba rudia na maji mapya na chumvi mpya dakika nyingine 3. Halafu suuza kwa maji ya baridi, kamua kidogo kwa kiganja, sio mpaka kiwe kitambaa, weka pembeni. Unakuwa na nyama nyororo hivi, imebaki na utamu na harufu yake, ukali umeenda.

Yale mabibo 6 au 7 mengine unayaponda unakamua juisi kwenye kitambaa safi. Juisi nayo ina ukakasi wake, dawa yake ni maji ya wali, yale mazito meupe yanayobaki ukichemsha mchele, mimina robo kikombe kwenye kila nusu lita ya juisi koroga acha itulie kama nusu saa, utaona vitu vinashuka chini kama mashapo. Chota ya juu iliyotulia, kikombe kimoja kinatosha, mashapo mwaga.

Watu wananiuliza hii ya kupika bibo umeitoa wapi, kama vile ni maajabu. Mkorosho wenyewe mbona si mti wa hapa, Wareno ndo waliuleta kutoka Brazil karne ya 16, na huko ulikotoka, kaskazini mashariki ya Brazil, mpaka leo wanakamua bibo maji yote halafu ile nyama wanaikaanga na vitunguu kama mboga ya kawaida kabisa. Sisi tulichukua mti na korosho yake, upande wa jikoni tukauacha nusu.

Korosho zenyewe nunua zilizokwisha kubanguliwa. Nasema hivi kwa msisitizo, usithubutu kuchoma korosho zenye ganda jikoni ndani ya nyumba kisa una pishi la korosho, lile ganda lina mafuta yanayounguza ngozi mpaka inababuka na moshi wake unawasha macho na kifua, kuna watoto tumewaona midomo imevimba kwa kung'ata korosho mbichi. Kuchoma ni kazi ya nje, mbali na watu, na wanaoijua. Zilizobanguliwa zikaange kwenye kikaango kikavu moto mdogo mpaka zianze kupata rangi, toa haraka zinaendelea kuungua zenyewe. Gawa mara mbili, nusu twanga ziwe unga mlaini, hizi ndo zitashika rojo, nusu acha nzima za kuja kumwagia mwisho.

Muhogo menya, toa ule mzizi wa katikati, kata vipande vya ukubwa wa kiberiti hivi au zaidi kidogo, chemsha na chumvi mpaka uive nusu. Hakikisha ni muhogo mtamu wa kutafuna, ule mchungu una sumu yake na unataka kuandaliwa kivingine kabisa, sio wa kutupia kwenye mchuzi. Kama hukai huku na muhogo mzuri huupati basi viazi vitamu, ndizi mzuzu, vyote vinakubali.

Nazi kuna kwa mbuzi, kamua tui la kwanza zito kama kikombe kimoja na nusu weka mbali, halafu tui la pili vikombe viwili. Usiyachanganye. Nakwambia hili nikiwa na kumbukumbu chungu, kuna Idd moja nilikuwa na wageni toka Lindi, nina haraka, nikamimina tui zito lote pamoja na juisi ya bibo mwanzoni kabisa nikafunika. Nilipofunua tui limekatika, mafuta yanaelea juu na chini vipunje punje vyeupe kama maziwa yaliyoganda, na lilikuwa chungu la watu 12. Waliokuwepo walikula kwa heshima ila mie sikuweza. Uchachu na moto mkali ndo maadui wa tui zito, kwahiyo siku zote linaingia mwisho, moto umeshapoa.

Kuhusu chombo. Chungu cha udongo ndo chenyewe, hawa kinamama wa Kimakonde wanaofinyanga wanajua wanachofanya, chungu kinashika joto taratibu na hakigombani na uchachu. Kikiwa kipya kiloweke maji usiku kucha halafu kipikie uji mwepesi kwanza uzibe vitundu. Kama huna, sufuria nzito ya stili au ya chuma iliyopakwa rangi ya kauri. Sufuria nyepesi za alumini siku ya bibo ziache kabatini, uchachu unazila na chakula kinapata ladha ya bati.

Haya, tunaunga. Mafuta kidogo kwenye chungu, kaanga vipande vya kuku vilivyotolewa kwenye supu mpaka vipate rangi ya kahawia kila upande, usijaze vyote kwa pamoja vitatoa maji badala ya kukaangika, kaanga kwa awamu. Toa. Mafuta hayohayo weka vitunguu, hapa usiwe na haraka, dakika 10 moto wa wastani mpaka vilainike vianze kuwa vya dhahabu, kisha saumu na tangawizi iliyobaki, mdalasini, karafuu, binzari, pilipili manga, koroga nusu dakika mpaka nyumba inukie. Nyanya zilizokunwa, zikaangike mpaka mafuta yajitenge. Mimina juisi ya bibo ile kikombe kimoja, iache ichemke ipungue ibaki nusu, utamu wake unakolea hapo. Kisha supu ya kuku vikombe viwili na tui la pili, na zile korosho za kutwanga uzimumunye kwanza kwa supu ya vuguvugu zisifanye madonge. Onja chumvi.

Panga sasa. Muhogo chini, kuku juu yake, mabibo katikati na juu, rojo limwagie lote lifike usawa wa nyama lakini lisiizamishe. Pilipili mbuzi nzima iweke juu bila kuipasua, itoe harufu bila kuwachoma watoto.

Na sasa ndo kupalia, jambo ambalo sikuizi naona vijana wanaliruka kwasababu wamezoea gesi, wakati utamu wote wa pishi la namna hii uko kwenye moto wa juu. Funika mdomo wa chungu kwa jani la mgomba ulilolipitisha kwenye moto likalegea, hili linazuia majivu na linaachia harufu yake nzuri, halafu mfuniko wa bapa au sinia kuukuu. Moto wa chini punguza yabaki makaa machache ya kuhesabika, kama theluthi moja, yaliyobaki yote yapandishe juu ya mfuniko uyatandaze mpaka pembeni. Moto wa chini ukiwa mwingi muhogo utashika chini utaungua wakati juu bado kubichi. Acha dakika 30 bila kufunua funua, kila ukifunua unatoa joto na majivu yanadondoka ndani. Utasikia chungu kinatokota polepole, mlio wa chini chini, hiyo ndo sauti unayoitaka, ukisikia kinafoka toa makaa mawili chini.

Baada ya hapo toa makaa ya juu kwa uangalifu, funua, mimina tui zito lote pole pole ukizungushia pembeni, tikisa chungu badala ya kukoroga na mwiko, ukikoroga utavunja muhogo na mabibo. Mwagia korosho nzima juu. Funika na sinia peke yake bila jani safari hii, rudisha makaa juu, chini acha mawili matatu tu, dakika 10 mpaka 12. Juu patakauka kidogo paweke rangi, korosho ziwe za kahawia, pembeni rojo linachungulia. Choma paja kwa ncha ya kisu pale panapokutana na mfupa, maji yakitoka meupe bila damu kuku ameiva, yakiwa ya pinki rudisha.

Mwenye oveni fanya nyuzi 180, dakika 30 ukiwa umefunika, weka tui, dakika 12 bila kufunika. Inatoka vizuri tu, siwezi kudanganya, ingawa ile harufu ya jani na mkaa hutaipata.

Kabla ya kupakua kiache chungu kitulie robo saa. Najua njaa, najua watoto wamekaa na sahani, lakini rojo likitulia linashikana na mabibo yananywa ladha ya kuku. Kamulia ile nusu ya ndimu iliyobaki kama unaona utamu umezidi. Muhogo upo ndani kwahiyo huhitaji ugali wala wali, ila mzee wangu hali bila ugali wa makopa basi namsongea kidogo pembeni, na kweli lile rojo na ugali wa muhogo vinapendana.

Msimu ukiisha mabibo yakakosekana, kuanzia mwezi wa kwanza hivi, usisubiri mwaka mzima. Tumia embe bolibo ambalo ndo kwanza linaanza kugeuka rangi, bado gumu, matatu yanatosha, menya kata vipande vikubwa, hili halina ukakasi kwahiyo halihitaji kuchemshwa na chumvi, ila liweke pamoja na tui zito dakika za mwisho maana linalainika haraka. Badala ya juisi ya bibo weka maji ya ukwaju nusu kikombe. Nanasi pia linawezekana ila likaange kwanza kwenye kikaango likauke maji, bichi ukilichanganya na kuku muda mrefu linafanya kama lile papai, nyama inalegea kupita kiasi.

Kikibaki, na kwangu kinabaki nikipika kwa makusudi kuku wawili, kipoe upesi kikae kwenye friji, kesho yake pasha kwa moto mdogo na supu kidogo au maji ya moto robo kikombe mpaka kichemke kabisa ndani, usipashe kwa moto mkali tui litakatika hata kama jana lilivumilia. Korosho za juu zitakuwa zimelainika, kaanga nyingine mpya kiganja kimoja umwagie wakati wa kula.